Maji Yanang'aa, Samaki Wanakufa

Kisa hiki kinajirudia nyumba hadi nyumba. Mtu ananunua tangi la kioo, kokoto za rangi, jumba dogo la plastiki na samaki kumi wa kila aina. Wiki ya kwanza familia nzima inahamia mbele ya tangi, televisheni inabaki kujionyesha yenyewe. Wiki ya pili samaki mmoja anaanza kuhema juu ya maji, na kesho yake anakutwa kalalia ubavu. Mwezi haujaisha, amebaki mmoja. Muuzaji akiulizwa anasema "maji yamewakataa". Jirani anasema ni kijicho cha wageni waliosifia mno. Baba mwenye nyumba anafunga mjadala: samaki wa siku hizi hawana maisha, tangi lipandishwe juu ya kabati.

Kinachowachanganya watu ni kwamba maji yalikuwa yanang'aa mpaka siku ya mwisho. Hayakunuka. Chakula kilikuwepo asubuhi, mchana na jioni. Tangi lilisuguliwa kila Jumamosi. Sasa samaki wamekufa na nini?

Jibu fupi ni kwamba wengi wao wamekufa kwa kutunzwa. Yale tunayoyahesabu nyumbani kuwa malezi mema, yaani kulisha hadi kushiba, kusafisha hadi kung'aa na kukaribisha wengi, ndani ya tangi hugeuka kuwa hatari. Kuelewa kwa nini, inabidi tuanze na kitu ambacho macho hayakioni.

Taka isiyo na rangi

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Samaki wa mapambo ni wale wanaofugwa kwa kutazamwa, hawaendi kikaangoni: goldifishi, gapi, moli, beta ambaye wengi humwita faita, neoni mwenye mstari wa buluu, na pia samaki wetu wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ambao nitawarudia. Wote hawa ni wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Tangi la samaki wa baharini ni kazi nyingine kabisa, ghali na ngumu, na simshauri mtu aanze nalo. Pampu ya hewa ni ile inayotoa mapovu. Chujio ni kifaa chenye sponji kinachovuta maji, kuyapitisha ndani yake na kuyarudisha. Watu wengi hudhani chujio kazi yake ni kukamata uchafu unaoonekana. Hiyo ni kazi yake ndogo.

Samaki hana pa kwenda haja. Anakula, ananya na kupumua ndani ya maji yale yale. Tena sehemu kubwa ya taka yake haitokei nyuma. Inatoka kwenye mashavu, pale anapopumulia, ikiwa katika umbo la amonia. Chakula kilichozama bila kuliwa nacho kikioza kinatoa amonia. Jani lililokufa, vilevile. Samaki aliyekufa nyuma ya lile jumba la plastiki bila mtu kumwona, zaidi ya wote. Amonia ndiyo ile inayowasha pua kwenye choo cha mkojo kisichomwagiwa maji, lakini kwa kiwango kinachotosha kumuua samaki pua ya binadamu haisikii kitu, wala maji hayabadiliki rangi. Ndiyo maana maji yanayong'aa hayathibitishi chochote.

Ziwani amonia haina nafasi ya kujikusanya, maana maji ni mengi na viumbe wanaoila wapo kila mahali. Ndani ya tangi la lita 40 hakuna huruma hiyo. Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati. Majina yanakaribiana lakini ukali wake hauko sawa hata kidogo: amonia na nitriti huua hata zikiwa kidogo, wakati nitrati samaki wengi huivumilia ilimradi isirundikane. Vitabu vya zamani viliwataja Nitrosomonas kwa hatua ya kwanza na Nitrobacter kwa ya pili. Baadaye ikaonekana kwamba kwenye matangi hatua ya pili hufanywa zaidi na jamii ya Nitrospira, na mwaka 2015 watafiti wakatangaza kuwa wapo Nitrospira wanaomaliza hatua zote mbili peke yao, baadhi yao wakiwa wamepatikana kwenye chujio la mtambo wa kufugia samaki.

La kukumbuka kwa mtu wa nyumbani ni mahali wanapoishi. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wanajishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye kokoto na kwenye kioo, na wanaongezeka taratibu mno. Tangi jipya halina wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita mpaka wawe wengi kiasi cha kumaliza taka inayozalishwa kila siku. Kutia samaki kumi siku ya kwanza ni kama kuhamishia ukoo mzima kwenye nyumba ambayo shimo la choo halijachimbwa: siku mbili tatu mtavumilia, baada ya hapo msitafute mchawi.

Ratiba hii ndiyo inayoeleza ile "wiki ya pili". Amonia hupanda siku za mwanzo. Bakteria wa kwanza wakishika kazi, amonia inashuka na nitriti inapanda, kwa sababu kundi la pili huchelewa kukua. Nitriti ikiingia kwenye damu ya samaki huifanya ishindwe kubeba oksijeni, na damu yenyewe hugeuka kahawia. Hapo utamwona samaki akihema kana kwamba hakuna hewa ilhali pampu inavuma na mapovu yamejaa tangi. Chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, husaidia kwa sababu kloridi iliyomo huizuia nitriti isipenye mashavuni. Lakini hiyo inanunua muda tu, nitriti bado ipo majini.

Njia ya kuyaona haya yote ni kupima. Vipimo vya matone huuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo na mtandaoni. Unachota maji ya tangi kwenye kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone kwa hesabu uliyopewa, unatikisa, unasubiri dakika chache. Kwa amonia, vipimo vingi hubaki njano ikiwa haipo, na hugeuka kijani ikiwa ipo. Kadiri kijani kinavyokolea ndivyo hali ilivyo mbaya. Ukishaona kile kijani kwenye maji ambayo muda mfupi uliopita ulikuwa unayasifia kwa kung'aa, mjadala wa kijicho unaishia hapo. Kama bajeti inaruhusu kununua kitu kimoja tu zaidi ya chujio, nunua kipimo. Jumba la plastiki litasubiri.

Jumamosi ya kusugua

Sasa tazama kinachotokea Jumamosi. Samaki wanatolewa na kutiwa kwenye beseni. Maji yote yanamwagwa. Kokoto zinaoshwa hadi zinalia. Sponji ya chujio, ambayo imeshika ule utando wa kahawia unaoteleza, inakamuliwa chini ya bomba mpaka inarudi rangi ya dukani. Tangi linajazwa upya, samaki wanarudishwa, kila mtu anafurahi.

Ule utando wa kahawia ndio uliokuwa mtambo wa maji taka. Umekamuliwa ukaenda na mfereji, na waliobaki wamechomwa na klorini ya bomba, ambayo imetiwa makusudi ili iue bakteria na haibagui. Tangi limerudi siku ya kwanza, ila safari hii lina samaki wakubwa zaidi wanaotoa taka nyingi zaidi. Ndiyo maana wapo watu wanaolalamika kwamba samaki wao hufa siku mbili tatu baada ya usafi, na kwa vile hawakudhani usafi unaweza kuwa chanzo, wanaongeza usafi.

Inavyotakiwa ni kubadilisha sehemu ya maji, robo hivi kwa wiki, ukinyonya kwa mpira ule uchafu uliolala juu ya kokoto. Samaki wanabaki humo humo. Sponji unaiosha pale tu maji yanapoanza kupita kwa shida, na unaiosha ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, kwa kuikamua mara chache. Itabaki kahawia. Iache hivyo. Sabuni isiguse kitu chochote kinachoingia tangini, iwe ndoo, kitambaa au mikono iliyotoka kupakwa mafuta.

Kuna kingine kinachohusu usafi wa nyumba zetu, nacho sioni kikizungumzwa vya kutosha. Dawa nyingi za kupulizia mbu na mende zina viambato vya jamii ya pairethroidi, ambavyo kwa binadamu havina madhara makubwa vikitumiwa inavyotakiwa lakini kwa samaki ni sumu kali mno. Tangi likiwa sebuleni na pampu ya hewa ikiendelea kuvuta hewa ya chumba kilichopulizwa saa moja jioni, hiyo dawa inapelekwa moja kwa moja majini kwa mapovu. Ukipuliza, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, na fungua madirisha kabla ya kuiwasha tena. Bora zaidi, chumba chenye tangi kitegemee wavu wa dirishani.

Maji ya wapi?

Maji ya bomba yana klorini, na hata kiasi kidogo huunguza mashavu ya samaki. Njia ya zamani bado inafanya kazi: acha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, ikiwezekana na pampu ya hewa ndani yake, na klorini itapaa. Lakini mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini badala ya klorini tupu, kusubiri hakusaidii kwa kuwa hiyo haipai kirahisi. Hapo inatakiwa dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi ni thiosulfati ya sodiamu. Watu wa ughaibuni, ambako kloramini ni ya kawaida kwenye miji mingi, waanze na dawa hiyo moja kwa moja.

Jambo la pili ni pH, kipimo cha uchachu na ualkali wa maji. Saba ni katikati. Chini yake ni uchachu, juu yake ni ualkali. Wanaoanza huambiwa wahangaike na namba hii mpaka wanajaza rafu kwa machupa ya kuipandisha na ya kuishusha, na kupanda na kushuka huko kunawachosha samaki kuliko namba yenyewe. Samaki wengi wa madukani huzoea pH yoyote ya wastani ikiwa haichezi.

Ila kuna sababu moja ya kuijua. Amonia majini huwa katika sura mbili, moja kali na moja ya upole, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa maji ya nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, iliyo kali haifiki hata asilimia moja. pH ikipanda hadi 8, inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, inapita theluthi. Maana yake ni kwamba amonia ya kipimo kile kile inaweza kumwacha samaki hai Nairobi na kumuua Dar es Salaam, kwa sababu ya maji tu. Maji ya Nairobi yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, yametoka kwenye mvua ya milima ya Aberdare. Pwani tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi hutoa maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi inayopandisha pH, mengine yana chumvi ya kuonja ulimini. Mkazi wa Dar anayechanganya maji ya bomba yaliyotoka Mto Ruvu wiki hii na maji ya kisima wiki ijayo kwa sababu bomba limekauka, anawahamisha samaki nchi bila pasipoti.

Hapo hapo pwani tuna mazoea ya kwenda ufukweni na kurudi na mchanga mweupe, makome na vipande vya matumbawe vya kupambia tangi. Vinapendeza, ni kweli. Lakini ni chokaa, na vinayeyuka kidogo kidogo vikipandisha ugumu na pH ya maji. Ukitaka kujua kama jiwe lako ni la aina hiyo, lidondoshee siki au ndimu. Likitoa vipovu, liache uani. Isipokuwa kama unafuga samaki wanaolipenda.

Na wapo. Hili huniudhi kidogo. Mtu ana kisima chenye maji magumu, anahangaika kutafuta neoni ambaye asili yake ni vijito vya Amazoni, maji laini yenye uchachu, wakati Kigoma kuna samaki ambao watu wa Ulaya na Marekani wanawaagiza kwa ndege. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na Ziwa Nyasa huzunguka 8. Samaki wake wa miambani ni jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na sato na perege, na wana rangi zinazoshindana na za baharini. Mbuna wa Nyasa na Tropheus wa Tanganyika wangejisikia nyumbani kwenye maji ambayo neoni anayavumilia tu. Tahadhari ni mbili: maji yawe magumu, yasiwe ya chumvi kama ya baharini, na hawa ni samaki wakorofi, wanapigania eneo, kwa hiyo hawafai tangi dogo wala hawachanganywi na gapi. Mwenye maji magumu na tangi dogo abaki na gapi au moli. Hao ugumu hauwasumbui, hata chumvi kidogo wanaimudu.

Nikisema tangi dogo, nibomoe na dhana hii papo hapo: watu huanza na dogo wakidhani ni rahisi kulitunza. Ni kinyume. Taka ya samaki wale wale ikiingia lita 10 inakuwa nzito mara kumi kuliko ikiingia lita 100. Tangi kubwa linakusamehe siku uliyosahau. Kumbuka tu kwamba lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 lisiwekwe juu ya stuli.

Joto, na umeme unapokatika

Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Kwenye nyuzijoto 20 maji yasiyo ya chumvi yaliyojaa hewa huwa na karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzijoto 30 hushuka hadi kama 7.5. Na joto likipanda samaki naye huhitaji oksijeni zaidi. Februari ya pwani, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi, halafu umeme unakatika: hapo ndipo asubuhi unakuta wote wamejipanga juu, midomo inachezacheza kwenye uso wa maji. Beta peke yake hajali sana, ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu.

Umeme ukikatika, cha kwanza usiwalishe. Chota maji kwa kikombe uyarudishe kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Huko kuanguka ndiko kunakoingiza hewa. Pampu ndogo za betri zipo na bei yake si ya kutisha. Umeme ukikaa saa nyingi bila kurudi, bakteria ndani ya chujio lililofungwa nao hukosa hewa na kufa, hivyo usiliwashe tu na kuondoka. Toa sponji, isuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mkazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya shida yake ni ya upande wa pili. Julai yake inataka hita kwa samaki wa kitropiki, wanaotaka nyuzijoto 24 hadi 28. Goldifishi anaweza kuachwa bila hita.

Samaki hasemi ameshiba

Samaki wengi wakiona mtu wanakuja mbele ya kioo wanacheza mkia, na mtoto anasema wana njaa. Wamekuzoea, basi. Porini wengi wao hudonoa kidogo kidogo siku nzima na siku nyingine hukosa. Kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, kinawatosha samaki wakubwa, na siku moja kwa wiki bila chakula haiwadhuru. Mkate, wali na ugali visiingie. Ukisafiri siku tatu nne usimwachie jirani kopo zima. Utarudi ukute maji ya maziwa. Mwache awashe taa tu.

Kwa wale wa miambani chakula ni suala la uhai. Mbuna wengi na Tropheus hula ule utando wa kijani wa mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo. Mwenye huruma akiwapa minofu au nyama ya moyo wa ng'ombe, matumbo yanajaa, wanaacha kula, na wachache hupona. Wape chakula kilichotengenezwa kwa mwani, au jani la mchicha lililochemshwa.

Goldifishi ana hadithi zake. Eti kumbukumbu yake ni sekunde tatu. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha anajifunza kubonyeza kitufe apate chakula, na anakumbuka kwa miezi. Eti anakua kulingana na chombo, kwa hiyo bakuli linamtosha. Anachofanya kwenye bakuli ni kudumaa, na kwa kawaida hufa kabla hujajua angefika wapi. Akipewa nafasi hupita sentimita 20. Mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alipatikana kwenye maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999, akiwa na miaka 43. Kwa hiyo goldifishi wa miezi minne aliyekufa hakufa kwa uzee.

Wengine ndiyo hufa kwa uzee mapema, na mfugaji asijilaumu bure. Gapi miaka miwili ni mingi. Unguja kuna samaki wake mwenyewe, Nothobranchius guentheri, mdogo mwenye rangi za kung'aa, anayeishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka anakufa, mayai yake yanabaki kwenye tope kavu yakisubiri msimu. Maisha yake yote ni ya miezi. Na gapi, kwa kulipiza ufupi wa maisha, huzaa kila mwezi hivi, tena jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kumtenga hakumzuii mara moja. Wakikuzidi, gawa. Usiwamwage mtoni wala kwenye mfereji, kwa maana wakiota huko hawatoki.

Ugonjwa ukija kweli

Yapo magonjwa, na la kawaida zaidi ni madoa meupe, kama punje za chumvi zilizonyunyizwa kwenye mapezi. Linaletwa na kiumbe mdogo wa seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, ambaye kwa kawaida huingia na samaki mpya. Hapa watu hukimbilia kapsuli za rangi mbili kutoka duka la dawa, wanazipasua na kumwaga unga ndani ya tangi. Antibayotiki huua bakteria, na huyu si bakteria. Anayeweza kuumia ni yule mla amonia kwenye sponji, na sasa una matatizo mawili.

Dawa ya kweli ya madoa huuzwa ikiwa imeandikwa hivyo. Lakini hata hiyo watu huitumia vibaya, kwa sababu hawajui mdudu anavyoishi. Akiwa ndani ya ngozi ya samaki, dawa haimfikii. Akishiba anadondoka chini, anajifunika na kugawanyika kuwa mamia. Hao wadogo wanatoka wakiogelea kumtafuta samaki, na hapo tu ndipo dawa inapowapata. Kwa hiyo madoa yakipotea siku ya tatu usishangilie ukaacha dawa, wamedondoka, hawajafa. Endelea mpaka mwisho wa siku zilizoandikwa, na kwenye baridi ongeza siku, kwani mzunguko wao unakwenda polepole. Dawa hii isingehitajika kama samaki mpya angekaa kwanza wiki mbili au tatu kwenye chombo chake peke yake. Wachache tu hufanya hivyo.

Sasa kama unasoma hili na samaki wako wanahema hivi sasa, fanya haya kwa mpangilio. Acha kulisha leo na kesho. Tafuta aliyekufa aliyejificha umtoe. Badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini, ya joto lile lile, ukiyamimina taratibu, na rudia kesho. Ongeza mapovu. Sponji usiiguse. Pima amonia na nitriti, au peleka maji kwenye chupa dukani wakupimie. Kama una rafiki mwenye tangi la muda mrefu ambalo samaki wake ni wazima, mwombe kipande cha sponji yake ya kahawia na ukiweke ndani ya chujio lako kabla hakijakauka. Kitakupunguzia wiki kadhaa za kungoja. Endelea na robo ya maji kila siku mbili mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri wiki nzima mfululizo. Baada ya hapo ongeza samaki wawili, usubiri tena wiki mbili, uongeze wengine wawili.